Nusu ya Kugeuza

Saa kumi kasorobo, Kongowea, nyuma ya soko la vitunguu.
Stima imekatika tangu isha.
Mselem ameegemeza daftari kwenye debe la unga,
simu ameibana kwa kidevu, taa imulike hesabu.

"Mama. Kipeuo cha tatu cha hasi ishirini na saba."

Hasi naijua.
Hasi ni kitabu cha Awadh muuza unga,
jina langu kwa wino mwekundu, na mstari mdogo mbele ya kila kiasi,
mstari mlalo, kama mtu aliyechoka.

Kabla sijafungua mdomo, yeye keshajijibu:
hasi tatu mara hasi tatu, tisa;
tisa mara hasi tatu, tumerudi kwenye deni.
"Hasi tatu, mama. Witiri haina tabu."

Witiri pia naijua.
Ndiyo rakaa yangu ya mwisho usiku, ile isiyo na mwenzake.
Naiswali nimeketi, kiuno hakitaki tena kusikia habari zangu.

"Lakini hii sasa."
Kipeuo cha pili cha hasi tisa.
Tatu mara tatu, tisa.
Hasi tatu mara hasi tatu, tisa ile ile,
na hasi imetoweka
kama mpangaji aliyehama Kisauni usiku na godoro lake.
"Mwalimu Nyamawi yuwasema tuandike: hakuna."

Hakuna.
Nimeliambiwa neno hilo dirishani, hospitali,
na nyuma ya karani nikiziona dawa zimejaa rafu.
Nimeambiwa hakuna mtu
na viatu vyake viko mlangoni.
Mara nyingi hakuna maana yake ni: si dirisha hili.

Nikageuza chapati.

Mara moja, kifudifudi.
Mara mbili, chali.
Mara tatu, kifudifudi tena.
Hata ukiwa na wazimu ukageuza mara kumi na moja, kifudifudi.
Witiri huiacha imepinduka,
shufwa huirudisha ilivyokuwa, kama kwamba hukuigusa.

"Nambie basi, mwanangu:
nifanye nini, nikifanye mara mbili, kitu kile kile,
chapati ibaki kifudifudi?"

"Uigeuze."
"Nikiigeuza mara mbili imerudi."
"Usiigeuze."
"Nisipoigeuza mara mbili, bado iko chali."
Akanyamaza. Nje mkokoteni ukapita, gurudumu moja linalia.

Nikaishika chapati ukingoni kwa vidole,
nikaisimamisha wima katikati ya chuma.
Mafuta yakashuka mkononi hadi kwenye bangili.
"Nusu ya kugeuza," nikamwambia, naungua.
Halafu nusu nyingine, upande ule ule.
Ikalala kifudifudi.

Mselem akaitoa simu kidevuni.
"Ilipokuwa imesimama, ilikuwa juu au chini?"
"Si juu, si chini. Wima."
"Kitabuni hamna wima, mama."
"Kitabuni hamna moshi pia."

Mimi nilikomea darasa la saba.
Huenda wima ina jina lake
na watu waliovaa miwani wamelijua zamani,
wanalitumia huko waliko bila kuungua.
Mimi nina chuma hiki, na kidole kimevimba.

Hamali wa kwanza akaja, kitambaa begani:
mbili, na chai, "niandikie."
Nikamwandikia. Mstari mlalo, kiasi.

Nilipogeuka, Mselem alikuwa ameandika *hakuna*
kwa herufi kubwa, kwa kalamu ya wino,
kwa sababu maksi ni za Mwalimu Nyamawi.
Pembeni, kwa penseli, ndogo ya kuonewa haya,
amechora mstari mmoja mfupi, umesimama.

Niliinama kuutazama
na tone la mafuta likanidondoka kidoleni,
likatua juu yake kidogo tu, likakaa.

"Mama! Umelichafua daftari."
"Lifute."
Akalitazama.
Hakulifuta.